Chagua Ekseli ya Jumatatu, Si ya Jumapili

Kila nikiweka video ya hii pikapu, swali la kwanza ni lile lile: "Umeweka injini gani?" La pili huwa ni la tabo. La tatu ni la sauti, mnataka nikate egzosti isikike mpaka Lanet. Miezi mitatu sasa, hakuna mtu hata mmoja ameniuliza kuhusu ekseli ya nyuma. Na ekseli ndiyo imenikosesha usingizi kuliko kitu kingine chochote kwa hii gari, imekula pesa kuliko tabo, na ndiyo inaweza kuumiza mtu ambaye hata hajui mimi ni nani.

Kwa hivyo leo hakuna sauti ya tabo. Leo tunalala chini ya gari tuangalie ile chuma nyeusi iliyojaa matope. Najua haivutii macho. Lakini kama unapanga kuongeza nguvu kwa pikapu, ama una kaka au beshte anayepanga hivyo, soma mpaka mwisho.

Gari yenyewe kwanza. Ni Hilux ya miaka ya tisini, LN106, kabini moja, 4x4, springi za mabapa mbele na nyuma. Ilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya 2.8, ile inaitwa 3L, yenye nguvu ya kuzungusha ya kama Nm 188. Injini ya heshima, haifi, lakini ukipanda nayo kuelekea Molo ukiwa na mzigo, boda boda wanakupita wakikupungia mkono. Tukaitoa. Tukaweka 1KZ-TE ya lita 3 yenye tabo na interkula, pamoja na giaboksi yake kutoka kwa Surf. Hapo unapata kama Nm 340.

Na kabla uniulize kwa nini sikuweka 2JZ kama kila mtu: tuko Nakuru. Mji wenyewe uko mita kama 1,850 juu ya bahari, na ukielekea Molo ama Timboroa unazidi kupanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa hivyo tabo ni lazima, hiyo tunakubaliana. Lakini 2JZ ni injini ya kupigwa mizunguko ya juu. Mimi nilitaka nguvu ije chini, mapema, kwa sababu ya kazi ambayo hii gari inafanya.

Hapo ndio mambo yanaanza. Hii pikapu si yangu peke yangu. Ni ya mamangu. Anauza viazi. Jumatatu hadi Ijumaa inatoka Mau Narok ama Molo ikiwa imejaa magunia, inashuka mpaka mjini. Wikendi ndiyo yangu: vumbi la Elmenteita, matope ya Njoro, na mbogi yangu nyuma wakishikilia kamera. Hayo ndiyo makubaliano. Alichanga pesa ya injini kwa sharti moja, kwamba gari isiache kufanya kazi.

Gari moja, maisha mawili. Na ukitaka kujua ni ekseli gani uweke, swali la kwanza ni hilo: gari yako inaishi maisha gani siku ambayo hakuna kamera?

Wacha niwape hesabu, na msikimbie, ni ya darasa la saba tu. Tunakadiria.

Hilux tupu ina uzito wa kama kilo 1,500. Injini iko mbele, kwa hivyo ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 600. Tairi kwa lami kavu hushika kwa takriban asilimia 80 ya uzito ulio juu yake. Ukizidisha na nusu kipenyo cha tairi, tuseme sentimita 38, unapata kwamba tairi mbili za nyuma zinaweza kushikilia kama Nm 1,800 kabla ziteleze. Ukizidi hapo, zinazunguka bure, unatoa moshi, watu wanapiga makofi.

Sasa weka tani moja ya viazi. Karibu mzigo wote huo unakaa nyuma. Ekseli ya nyuma sasa inabeba kama kilo 1,500, na tairi zinaweza kushikilia kama Nm 4,500.

Upande wa injini. Ile 3L ya zamani, ukizidisha na gia ya kwanza na difu ya 4.1, ilikuwa inafikisha kama Nm 3,000 kwa tairi. Injini mpya, hesabu hiyo hiyo, inafikisha karibu Nm 6,000.

Ona kilichotokea. Zamani, gari ikiwa imejaa, injini ilikuwa inachoka kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa kama fyuzi. Ukilazimisha, inazima, unarudi chini kidogo, unaanza tena. Toyota waliijua hiyo injini, na ekseli waliyoweka iliwekwa kwa ajili yake. Siku za leo injini haichoki. Gari ikiwa tupu, tairi ndiyo fyuzi, inateleza na kuokoa kila kitu. Lakini gari ikiwa imejaa, tairi haitelezi na injini haizimi. Ile Nm 4,500 yote inapita mahali pamoja: kwa difu na hafu shafti.

Ndiyo maana nasema video zetu zinadanganya bila kukusudia. Jumapili tunapiga moshi na gari tupu, ekseli haivunjiki, tunasema "hii kitu ni chuma." Hapana buda. Jumapili tairi imekulinda. Ekseli inafanyiwa mtihani Jumatatu, saa kumi na moja asubuhi, mlimani, bila mtu wa kurekodi.

Na kuna kitu kingine cha kwetu ambacho hakuna YouTube ya Marekani itakuambia: lumbesha. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kwa hiyo hesabu, magunia 20 ni tani moja, na unalala vizuri. Lakini kila mtu amepita sokoni ameona gunia lililoshonewa kichwa cha pili juu. Ukibeba lumbesha 20, hujui umebeba nini. Mwenye mzigo hajui, dereva hajui. Ekseli pekee ndiyo inajua.

Sasa twende kwa tofauti ambayo ningependa kila kijana wa pikapu aijue. Kuna ekseli za aina mbili: semifloti na fulifloti.

Kwa semifloti, hafu shafti inafanya kazi mbili. Inazungusha tairi, na wakati huo huo inabeba uzito wa gari. Tairi imefungwa kwa kichwa cha hiyo shafti. Hilux nyingi ziko hivyo. Shafti ikikatikia ndani, karibu na difu, unaweza kuwa na bahati, beringi ya nje itaishikilia. Lakini ikikatikia nje, karibu na kichwa, tairi inatoka. Inatoka na dramu yake, na upande huo umebaki bila breki.

Kwa fulifloti, kazi zimegawanywa. Tairi inakaa kwa habu yake yenyewe, juu ya beringi mbili, na habu inakaa kwa bomba la ekseli. Uzito wote unapita hapo. Hafu shafti inapita katikati na kazi yake ni moja tu, kuzungusha. Ikikatika, gari inakosa mwendo. Inasimama. Lakini tairi inabaki mahali pake, na breki inabaki na tairi.

Kama hujashika, toka siku moja usimame barabara ya Salgaa. Utaona lori limeegeshwa kando, limejaa, na fundi anafungua nati ndogo ndogo katikati ya gurudumu la nyuma. Anavuta shafti ndefu, inatoka yote kama upanga kwa ala, na lori halijainuliwa jeki hata kidogo. Limesimama kwa miguu yake. Hiyo ndiyo fulifloti. Jaribu kufanya hivyo na Hilux yako uone kama tairi itabaki.

Nimetaja Salgaa kwa sababu. Sisi watu wa hii barabara tunajua inaweza kufanya nini. Desemba 2017, Migaa. Juni 2023, Londiani, lori lilitoka barabarani likaingia kwa wachuuzi na abiria waliokuwa wamesimama tu, zaidi ya watu 50 wakafa. Sisemi zilikuwa ekseli. Nasema gari nzito kwa mteremko, ikikosa kitu kimoja, watu wanaolipa si waliokuwa ndani peke yao. Tairi ya inchi 31 ikitoka kwa gari inayoshuka, haichagui. Inaingia kwa kibanda cha mahindi, inaingia kwa watoto wa shule.

Sawa. Niliangalia nini na nini?

Chaguo la kwanza lilikuwa kubaki na ekseli ya Hilux yenyewe, ile ya difu ya inchi 8. Usiidharau. Hiyo difu imevuta Hilux dunia nzima, spea zake ziko kila mahali, hata fundi aliye gizani anaifungua. Kama gari yako ni ya kubeba mtu na mbwa wikendi, na injini umeongeza kidogo tu, badilisha beringi, badilisha sili, weka oili mpya ya GL-5, na utumie pesa kwa breki. Sitanii. Kwa watu wengi wanaonisoma, hili ndilo jibu sahihi.

Chaguo la pili ni ekseli ya Surf ama Prado ya miaka ya tisini, zile zilizokuja na loki ya umeme kwa difu. Inavutia, kwa sababu unabonyeza swichi na tairi zote mbili zinazunguka pamoja. Lakini ukiangalia vizuri, bado ni difu ya inchi 8 na bado ni semifloti. Pia imetengenezwa kwa springi za koili, kwa hivyo lazima ukate vishikio vyake na uchomelee vya springi za mabapa. Umeongeza ujanja, hujaongeza nguvu.

La tatu ni ndoto ya YouTube: difu ya Ford ya inchi 9, ama Dana 60. Wamarekani wanaiabudu hiyo Ford, na wana haki. Ilianza kutengenezwa 1957, na uzuri wake ni kwamba difu yote inatoka kwa mbele kama kifurushi, unabadilisha rashio bila kutoa ekseli. Lakini fikiria umekwama Mau Narok na sili ya pinioni imepasuka. Utaagiza kutoka Texas? Ungoje meli, ulipe forodha, na viazi vinaoza? Kitu chenye nguvu ambacho spea zake ziko ng'ambo ya bahari, kwa mtu wa kazi ni kitu dhaifu.

La nne, Land Cruiser 79. Hii ni fulifloti, difu ya inchi 9.5, na kila mtu anaiheshimu. Shida ni mbili. Tangu 1999 inakuja na nati 5 kwa gurudumu, na Hilux ya 4x4 ina 6. Ukiiweka nyuma, mbele una 6 na nyuma una 5, na tairi moja ya akiba haiwezi kusaidia pande zote. Shida ya pili, kila mwenye kambi, kila shirika na kila mchimba kokoto anaitafuta, kwa hivyo bei yake inakufanya ucheke kwanza, halafu unyamaze.

Hapo ndipo nikaangukia ya tano: ekseli ya kaka yake mkubwa, Land Cruiser 75. Zile za zamani, zilizotengenezwa kutoka 1984 hadi 1999, ambazo mmeona zikibeba polisi na watu wa misaada maisha yenu yote. Fulifloti. Difu ya inchi 9.5. Nati 6, mpangilio ule ule wa Hilux. Springi za mabapa. Upana wake na wa ekseli yangu ulitofautiana kwa sentimita chache tu. Na zikichakaa, zinafunguliwa na kuuzwa vipande hapa hapa nchini, ukiwa mvumilivu na ukiwa na mtu Grogani.

Sasa, kama ingekuwa ni mimi peke yangu, pengine ningekuwa bado nabishana na mbogi mpaka leo. Mmoja alitaka loki, mwingine alitaka tuchomelee difu tuanze kudrifti. Aliyemaliza hiyo kesi ni mamangu. Alikuja gereji kuona pesa yake inaenda wapi, akasimama na leso yake mabegani, akasikiliza tukitaja inchi na rashio, halafu akamgeukia fundi.

"Fundi, hii iliyoko sasa ikikatika, tairi inabaki ama inaenda?"

Fundi akapangusa mikono. "Inategemea imekatikia wapi, Mama."

"Na hiyo ingine?"

"Hiyo ikikatika, gari itasimama. Tairi inabaki."

"Basi kwani mnabishana nini?"

Akaenda zake. Manze, nimesoma mabaraza ya magari, nimetazama video za saa mbili mbili, na sijawahi kusikia swali zuri kuliko hilo. Sisi tulikuwa tunauliza ni gani yenye nguvu. Yeye aliuliza ni gani inayovunjika vizuri. Kwa sababu kila chuma kina siku yake. Ukishakubali hiyo, unaanza kuchagua namna ya kuvunjika.

Kununua. Ekseli ya mtumba si simu, huwezi kuangalia tu skrini. Kwanza, dai risiti, na uombe kuona karatasi za gari ilikotoka. Ekseli ya wizi itakufuata. Pili, fungua oili kabla ulipe. Oili nyeusi si tatizo, oili inayometa kama gilta ni tatizo, hiyo ni chuma iliyosagwa. Tatu, shika pinioni uizungushe kwa mkono polepole. Isikwame mahali, isicheze mbele na nyuma kama jino bovu. Nne, hesabu rashio mwenyewe, usiamini maneno ya muuzaji. Ukiweza kufungua difu, hesabu meno. Kraun ya meno 37 na pinioni ya meno 9 ni 4.11.

Kwa nini rashio ni muhimu hivyo? Kama gari yako ni 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima zikubaliane. Zikitofautiana na uweke 4x4 kwa ardhi ngumu, zinapigana zenyewe mpaka moja inavunjika. Ya mbele yangu ina meno 41 kwa 10, yaani 4.10. Ya nyuma ni 4.11. Tofauti ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja, na 4x4 naitumia kwa matope tu, ambako tairi zinaweza kuteleza kidogo. Hiyo nilikubali. Lakini mtu akikuambia uchanganye 4.10 na 4.88 "kwa sababu haionekani", mwambie ahsante na uondoke.

Kufunga. Hapa ndipo jua kali wetu wanang'aa, na hapa pia ndipo kazi huharibiwa kwa haraka. Vishikio vya springi vinachomelewa kwa ekseli, na pembe yake lazima ipimwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, springi zikiwa na uzito. Ukichomelea ikiwa imening'inia hewani, pua ya difu inaangalia pabaya, propela shafti inatetemeka, na krosi zinaisha kila mwezi. Pia kumbuka injini yenye nguvu hujaribu kuikunja springi ukikanyaga mafuta, pua ya difu inainuka. Tuliongeza rodi moja kutoka kwa ekseli hadi kwa chesi ya kuizuia.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho naona kimeachwa kikining'inia kwa pikapu nyingi sana: ile fimbo inayotoka kwa ekseli hadi kwa valvu ya breki kwenye chesi. Hilux inaitumia kupima mzigo. Gari ikishuka kwa uzito, fimbo inasukuma, valvu inapeleka breki zaidi nyuma. Ikiwa tupu, inapunguza ili nyuma isifunge na kuteleza. Ukibadilisha ekseli na hukuirudisha na kuipima upya, umeondoa akili ya breki zako za nyuma. Tulitumia karibu siku nzima kwa hiyo fimbo. Hakuna video yake. Nisameheni, tulikuwa tumejaa grisi mpaka masikio.

Kuna wale wataniambia ekseli ngumu ya bomba moja ni ya mkokoteni, ati gari ya kasi inataka kila gurudumu lijitegemee. Nitawajibu kwa historia ya kwetu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun Violet, gari ya ekseli ngumu nyuma. Sawa, leo magari ya rali yako kivingine, na tangu Safari irudi kwa kalenda ya dunia 2021, ikikimbiwa hapa hapa kaunti yetu, kila kijana wa Nakuru aliye na funguo anajiona Sébastien Ogier. Lakini kwa pikapu inayobeba tani moja, bomba moja la chuma linaloweza kuchomelewa popote bado ndilo rafiki yako.

Na kuhusu kuchomelea difu. Najua ni bei ya chini, najua inapiga dansi vizuri kwa uwanja. Lakini difu ipo ili tairi ya nje kwa kona izunguke zaidi ya ile ya ndani. Ukiichomelea, kila kona ya mji ni vita, tairi zinalika, na gari inataka kwenda moja kwa moja ukiwa umekata stelingi. Na tairi moja ikiinuka, nguvu yote inaangukia shafti moja badala ya kugawanywa. Kwa gari ya uwanjani, sina neno. Kwa gari inayopita mbele ya shule, hapana. Hata loki, ambayo naipenda na nitaiweka siku moja, ni ya kuwasha kwa matope na kuzima ukifika lami.

Ekseli hii pia ina hasara, sitawaficha. Ni nzito, na nyuma ya gari ikiwa tupu inaruka zaidi kwa matuta kuliko zamani. Tumbo la difu ni kubwa, kwa hivyo linakaribia mawe zaidi. Kwa kasi, wikendi, nimepoteza kidogo. Mtu mwenye Hilux kama yangu, injini kama yangu na ekseli ya zamani, gari tupu, atanipita kwa mita mia moja za kwanza. Wacha anipite.

Jambo la mwisho, la kuchosha lakini ni la lazima. Ukibadilisha injini, andikisha NTSA, gari ikaguliwe, logibuku ibadilishwe. Waambie pia watu wa bima. Najua foleni. Lakini siku kitu kikienda vibaya, swali la kwanza la bima litakuwa ni nini kilichobadilishwa, na "tulifanya na mafundi wetu" si jibu la kumwokoa mama yako na kesi.

Kwa hivyo sisemi kila mtu akanunue ekseli ya Land Cruiser. Nasema uanze kujiuliza maswali kwa mpangilio unaofaa. Gari yangu inabeba nini siku mbaya zaidi ya wiki, kwa kilo za kweli na si za gunia? Kati ya injini, tairi na ekseli, ni gani itachoka kwanza? Na ikichoka, nani yuko karibu nayo? Ukishajibu hayo matatu, inchi na rashio zinajichagua zenyewe.

Wikendi hii, kabla uoshe gari, ingia chini yake. Angalia katikati ya gurudumu la nyuma: kuna habu imetokeza na nati zimezunguka shafti, ama ni bapa tu? Angalia kama ile fimbo ya breki bado imefungwa. Shika propela shafti utikise. Halafu uniambie umepata nini. Nikipata picha za kutosha, video inayofuata itakuwa ya ekseli zenu, na injini zitangoja.